Mbiyu Koinange: Msomi aliyewapa wazazi usemi katika elimu

KATIBA ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, shule hizo zilikuwa mzigo wa wazazi. Wao ndio waliotoa ardhi, wakajenga madarasa na kumlipa mwalimu kutokana na karo kidogo waliyoimudu. Kwa hivyo mzazi wa Eldoret, sawa na mwenzake wa Kiambu au Kisumu, ana haki ya kuuliza: je, wajibu wake ni kuchanga tu, au pia ana usemi katika yale anayofundishwa mwanawe?

Swali hilo si geni nchini. Zaidi ya miaka 80 iliyopita lilizua mvutano mkubwa kati ya wazazi Waafrika kwa upande mmoja, na wamishenari na serikali ya kikoloni kwa upande wa pili. Miongoni mwa waliolibeba swali hilo ni Peter Mbiyu Koinange, msomi ambaye wengi humkumbuka kama waziri mwandani wa Mzee Jomo Kenyatta na kusahau kwamba jina lake lilivuma kwanza kwa sababu ya shule.

Alizaliwa Kiambu mwaka 1907, mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Alisoma Buxton, Mombasa, kisha akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Shule ya Upili ya Alliance iliyofunguliwa 1926. Mwaka uliofuata alivuka bahari hadi Marekani. Huko alipitia Hampton, jimbo la Virginia, akapata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Anahesabiwa kuwa Mkenya Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya uzamili. Aliendelea na masomo Uingereza, na mwaka 1938 akarejea nyumbani.

Nchi aliyoikuta ilikuwa imebadilika. Mwaka 1929 ulizuka mgogoro mkali kati ya makanisa ya kimishenari na Wakikuyu kuhusu ukeketaji wa wasichana. Wamishenari walitaka waumini na walimu waape kuukataa. Mila yenyewe sasa imepigwa marufuku na sheria za Kenya, na ni haki iwe hivyo. Lakini matokeo ya mgogoro ule yalikwenda mbali kuliko chanzo chake, kwani maelfu ya wazazi waliwaondoa watoto wao katika shule za misheni na kuanza kujenga zao.

Ndipo vilipoibuka vyama vya shule za kujitegemea, kikiwemo KISA na kile cha Karing'a. Shule hizi ziliendeshwa na kamati za wazazi na wazee wa mahali. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, lakini walijua walichokitaka. Mojawapo ya madai yao lilihusu lugha. Serikali ilitaka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mama, nao wazazi wakataka Kiingereza kianze mapema, wakishuku kwamba kucheleweshwa kwake kulikusudiwa kuwafanya watoto wao wabakie vibarua. Leo wataalamu wa malezi husisitiza thamani ya lugha ya mama katika miaka ya kwanza ya masomo. Hata hivyo, wazazi wale walikuwa wameweka msingi wa jambo zito zaidi, yaani kwamba sera ya elimu ya mtoto haipitishwi bila mzazi wake kusikizwa.

Shule zilikuwepo, walimu hawakutosha. Inasimuliwa kwamba Koinange aliporudi alipewa kazi serikalini kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye elimu kama yake, akaikataa. Badala yake, Januari 1939, alianzisha chuo cha ualimu huko Githunguri kwa niaba ya shule za kujitegemea. Chuo hicho kilipokea watoto wadogo na vijana waliojiandaa kuwa walimu.

Fedha zilitoka kwa wananchi wenyewe. Koinange aliona kwamba Wakikuyu walikuwa tayari na mfumo wa kuwaunganisha watu, nao ni marika. Kila rika likachanga na kushindana na jingine. Michango ilitoka vijijini na pia kwa familia zilizofanya kazi katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa, ambako mtoto wa kibarua alikuwa na nafasi finyu ya kupata elimu.

Akina mama hawakubaki nyuma. Walipoona jinsi wasichana walivyolala katika hali duni chuoni, waliamua kuwajengea bweni la mawe, na wakakusanya fedha wao wenyewe. Baadaye Koinange alieleza juhudi hizo za wananchi katika kitabu alichokichapisha Marekani mwaka 1955. Mkono mmoja haulei mwana, na huko Githunguri msemo huo ulionekana kwa macho.

Baada ya Kenyatta kurejea kutoka Uingereza mnamo Septemba 1946, uongozi wa chuo ulimwendea yeye. Mwaka 1951 Koinange na Achieng' Oneko walitumwa Ulaya na chama cha KAU kuwasilisha malalamiko ya ardhi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Koinange alikuwa bado ng'ambo na hakuweza kurudi. Serikali ilizifunga shule za kujitegemea pamoja na Githunguri, na mahali palipojengwa kwa jasho la wazazi pakageuzwa pa kunyongea wapiganaji wa Mau Mau. Baba yake alizuiliwa kwa miaka kadhaa na kufariki 1960.

Koinange aliishi uhamishoni Uingereza, kisha Ghana, akarejea uhuru ulipokaribia. Alikuwa Mbunge wa Kiambaa tangu 1963, na katikati ya miaka ya 1960 alishikilia kwa muda mfupi Wizara ya Elimu. Baadaye akawa Waziri wa Nchi katika Afisi ya Rais hadi Kenyatta alipofariki Agosti 1978. Mwaka uliofuata alishindwa na Njenga Karume katika uchaguzi, na 1981 akaaga dunia.

Sehemu hii ya pili ya maisha yake haina budi kupimwa kwa haki. Mtu aliyewahi kuwaongoza wazazi nje ya mlango wa serikali sasa alikuwa miongoni mwa wale walioulinda mlango huo. Serikali huru iliukumbatia moyo wa kuchanga na kuuita harambee, lakini usemi uliokwenda na michango ile ukafifia. Shule za chekechea ziliachiwa jamii na hazikuwekwa chini ya Wizara ya Elimu hadi 1980. Kituo cha taifa cha kuandaa walimu na mitaala yao kilianzishwa 1984. Mzazi aliendelea kulipa, na maamuzi yakafanyiwa Nairobi.

Leo maamuzi hayo yamesogea hadi makao makuu ya kaunti, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inavitambua vyama vya wazazi. Mzazi wa Uasin Gishu anaweza kufika Eldoret na kudai kuelezwa kuhusu bajeti, mwalimu na darasa la mwanawe. Wazazi wa Githunguri hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Walikuwa na marika, michango na imani kwamba anayejenga shule ana haki ya kuulizwa. Koinange mwenyewe alipanda ngazi na kuwa waziri, lakini urithi wake ulio bora zaidi ni ule alioujenga pamoja na wazazi ambao majina yao hayakuandikwa popote.