Bwana Afya Aliyemzaa Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Katika kitivo chetu jina lake hutajwa kila mwaka, kwa kuwa ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Lakini swali moja sijalisikia likiulizwa darasani: mtu huyu aliujulia wapi upelelezi, ilhali hakuwahi kuishi kwa mshahara wa polisi?

Swali hili lina uzito kwetu Wakongomani, tuliofika kwenye hadithi za namna hii kwa njia ya Kifaransa. Huko mambo yalianza kwa mtu wa kazi hiyo hasa. Vidocq, aliyezaliwa mwaka 1775, alikuwa mfungwa kabla ya kuongoza kikosi cha wapelelezi wa Paris, na kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1828 ziliwalisha waandishi wengi waliomfuata. Marekani nako, Dashiell Hammett alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton kabla ya kuandika riwaya. Ukiwasoma hao wawili tu, utadhani kwamba asiyewahi kumfuata mwizi kwa mshahara hana haki ya kuandika juu ya wizi.

Maisha ya Abdulla yanajibu vingine. Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1938, aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya ya Zanzibar, kazi ambayo Waswahili humwita mwenye kuifanya bwana afya. Akaifanya kwa miaka 10.

Naomba msomaji asiipite miaka hiyo haraka. Bwana afya, popote alipo, ni mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo hakualikwa. Hutazama kisima, choo, mtaro na maji yaliyotuama nyuma ya jiko. Mwenye nyumba humwambia kuwa kila kitu ni safi. Yeye husikiliza kwa adabu, kisha huenda kutazama mwenyewe. Na watu wakianza kuugua mtaani, hauachi ugonjwa uitwe mkosi. Huuliza nani aliugua kwanza, alikunywa maji ya wapi, alilala na nani. Hana bunduki wala pingu. Ana macho, daftari na ruhusa ya kuingia. Mimi naona kwamba huo ni upelelezi kamili, isipokuwa mtuhumiwa ni mdudu.

Mwaka 1948 aliacha kazi hiyo akaingia katika uandishi wa habari. Alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alichukua uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo kwa miaka 20 aliishi kwa kupokea maneno ya watu, kuyapima, na kuamua lipi lichapwe na lipi liachwe.

Kutoka katika kazi hizo mbili ndipo alipozaliwa Bwana Msa. Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Mauaji yanatokea, na mahali penyewe ni mzimuni, ambapo watu wamezoea kupaogopa. Jibu liko tayari midomoni mwa wote: mzimu umefanya kazi yake. Bwana Msa hakubali. Anavuta kiko chake, anauliza, anatazama, hadi mkono wa binadamu uonekane.

Wahakiki wamekwisha kueleza jinsi kiko hicho na rafiki yake Najum vinavyomkumbusha msomaji Sherlock Holmes na Watson. Ni kweli, na tusisahau kwamba Conan Doyle naye hakuwa polisi bali daktari. Mimi navutiwa zaidi na Spekta Seif. Abdulla alimpa polisi nafasi katika hadithi, tena nafasi ya heshima, lakini kulifumbua fumbo alimwachia raia. Katika koloni, ambako polisi alikuwa mkono wa serikali ya kigeni, uamuzi huo una maana: ukweli si mali ya aliyevaa sare.

Njia hiyo ilimnyima baadhi ya mambo. Riwaya zake hazituonyeshi kituo cha polisi kwa ndani, wala hongo, wala mahabusu. Tukitaka bastola na mbio tunakwenda kwa Elvis Musiba na Willy Gamba wake, aliyeingia mwaka 1974 na Kufa na Kupona. Tena wapo wanaomlaumu Abdulla kwamba mapinduzi ya Januari 1964, yaliyoigeuza Zanzibar juu chini, hayakupewa nafasi ya kutosha katika vitabu vilivyofuata, tangu Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 hadi Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984. Lawama hiyo ina haki yake. Alifariki mwaka 1991 bila kuandika riwaya ambayo wakosoaji hao waliitamani.

Hata hivyo, hapa Goma namhitaji yeye kuliko Vidocq. Mtu akiuawa usiku Ndosho au Majengo, asubuhi tunaambiwa kwamba wameua watu wenye silaha wasiojulikana. Maneno hayo yamekuwa mzimu wetu: yakishatamkwa, hakuna anayeuliza tena, na jamaa wanazika. Abdulla alionyesha kwamba hadithi inaweza kuanzia pale pale ambapo maswali yamekatazwa kwa hofu, na kwamba mwenye kuyauliza si lazima awe afande.

Wenzangu wanaotaka kuandika riwaya ya upelelezi ya mji huu wasingoje kupewa sare. Wamtazame yule kijana anayetia klorini kwenye bidoni za maji pale ziwani wakati wa kipindupindu. Anajua nani huja alfajiri na nani hutuma mtoto, bidoni ya nani imeacha kuja tangu juzi, na nyumba ipi imenyamaza. Abdulla angemwelewa mara moja, maana alifanya kazi ya jamaa hiyo kwa miaka 10 kabla hajaandika maiti ya kwanza.