MAMA KEVINA: ALIANZIA CHINI YA MWEMBE

Akina mama wenzetu, katika kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu tumeona vyema tumkumbuke mama mmoja ambaye Waganda hawamsahau. Kikundini tumo Waislamu na Wakristo. Maisha yake yanatufaa sote, na mtaa wetu pia unahusika, kama mtakavyoona.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa Ireland mwaka 1875. Baba alifariki yeye yungali tumboni, na alipofika miaka 10 mama naye akafa; akalelewa na bibi. Mwaka 1895 alijiunga na Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akaitwa Sista Kevin. Januari 1903 aliingia Uganda na masista wenzake watano, wakafikia Nsambya, Kampala. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe.

Vita Kuu ya 1914-18 ilipokuja, wapagazi wa jeshi la Waingereza, yaani Carrier Corps, walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Jina hilo la Carrier Corps ndilo lililozaa Kariakoo yetu. Wagonjwa wao wengine walipelekwa Nsambya, Mama Kevina akawauguza, hata serikali ikamtunuku nishani mwaka 1918.

Lakini kulikuwa na jambo likimkera. Wanawake wanakufa kwa uzazi, na sheria ya Kanisa ya wakati ule inawakataza masista kuzalisha. Hakukaa akalalamika. Alishirikiana na Daktari Evelyn Connolly, ambaye hakuwa sista, wakafungua shule ya wauguzi na wakunga. Katazo lenyewe liliondolewa 1936.

Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, akaanzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alianza na wasichana 8 tu! Leo shirika hilo limeenea Uganda, Kenya na Tanzania, likiendesha shule na hospitali. Wagonjwa wa ukoma nao aliwajengea makao, Nyenga na Buluba.

Alifariki Oktoba 1957 Marekani, akiwa na miaka 82, bado anakusanya fedha za misioni. Alizikwa kwao Ireland, lakini Waganda walidai mama yao arudi. Desemba mwaka huohuo akazikwa tena, Nkokonjeru.

Basi mwenzetu anayekuja na hisa moja asidharauliwe. Wale 8 nao walionekana wachache.