Bibi Pandita Ramabai, Mlezi wa Wajane

Twawaletea habari za bibi mmoja wa Bara Hindi. Ramabai alizaliwa mwaka 1858 katika ukoo wa Wabramini. Baba yake alikuwa mwanachuoni, naye, kinyume cha desturi, alimfundisha mkewe Kisanskriti. Na mama huyo akamfundisha binti yake. Njaa ya miaka ya 1870 iliwaua wazazi wote wawili, Ramabai na kaka yake wakazunguka nchi kwa miguu. Mwaka 1878 walifika Calcutta. Huko wanavyuoni waliistaajabia elimu yake, wakampa jina la Pandita, maana yake mwanamke mwenye elimu.

Mwaka 1880 aliolewa. Mwaka 1882 mumewe akafa, akamwachia mtoto mchanga, Manorama. Siku zile mjane wa Kibramini, hata akiwa mtoto, hakuruhusiwa kuolewa tena. Mara nyingi alinyolewa nywele, akala mara moja kwa siku, akawatumikia wakwe zake kama mtumwa. Hakuwa na kazi ya kumpatia chakula, wala elimu ya kumpatia kazi.

Mwaka 1883 Ramabai alikwenda Uingereza, akabatizwa huko. Kisha alivuka mpaka Marekani, na marafiki wakaahidi kumsaidia kwa miaka 10. Machi 1889 alifungua shule ya wajane mjini Bombay, iliyohamia Pune baadaye. Wasichana kadhaa walipovutwa na imani yake, jamaa zao walikasirika, na wengi wakaondolewa shuleni. Lakini yeye hakuifunga.

Njaa kuu ya 1896 ilipoingia, alikwenda mwenyewe kuwatafuta wajane na yatima, akawaleta kwa mamia katika shamba lake la Kedgaon. Mahali hapo pakaitwa Mukti, yaani ukombozi. Njaa ya pili ilipokuja, idadi yao ikapita 1,000.

Bibi huyu alifahamu kwamba chakula cha sadaka huliwa kikaisha, bali kazi ya mikono hubaki na mtu. Basi wanawake walijifunza kufuma na kushona nguo, kulima bustani, kukama ng'ombe na kukamua mafuta. Vipofu walifundishwa kusoma kwa vidole. Tena walikuwa na mtambo wa kupiga chapa: waliohesabiwa kuwa mkosi nyumbani kwao walipanga herufi, wakapiga chapa na kujalidi vitabu. Hata Biblia ya Kimarathi, ambayo Ramabai aliitafsiri kwa miaka mingi, ilipigwa chapa kwa mikono yao.

Manorama alifariki mwaka 1921. Mama yake alimfuata tarehe 5 Aprili 1922, naye alikuwa ameimaliza tafsiri yake. Kazi ya Mukti yaendelea hata leo.

Nasi tunao wajane katika sharika zetu. Twawapa kibaba cha unga, na ni vema. Lakini tujiulize: unga ule ukiisha, tumewaachia nini mikononi?