Kocher, bingwa wa upasuaji wa rovu aliyekiri kosa lake

Mkazi wa Handeni au Korogwe aliyeondolewa tezi ya thairoidi shingoni, akatakiwa kumeza kidonge cha thairoksini kila asubuhi maisha yake yote, hufuata funzo lililopatikana kwa uchungu katika mji wa Bern, Uswisi, zaidi ya karne moja iliyopita.

Mwenye funzo hilo ni Theodor Kocher, aliyezaliwa Bern mwaka 1841 na kuwa profesa wa upasuaji mjini humo mwaka 1872. Udongo wa milima ya Alps ulikuwa na upungufu wa madini joto, hivyo rovu lilikuwa ugonjwa wa kila kijiji. Upasuaji wake uliogopwa, kwani wengi walikufa kwa kuvuja damu au vidonda kuoza. Kocher, kwa usafi na utulivu wa mkono, alipunguza vifo hivyo hadi chini ya mgonjwa mmoja kwa kila 100.

Sifa zilienea. Lakini mwaka 1874 alikuwa amemwondolea tezi yote binti wa miaka 11. Baadaye daktari wa kijijini alimwarifu kuwa binti huyo amebadilika. Alikuwa amedumaa, uso umevimba, akili imezubaa. Mdogo wake, ambaye zamani walifanana kama pacha, alikuwa amempita kimo.

Mwaka 1882 Jacques-Louis Reverdin wa Geneva naye alieleza mabadiliko ya namna hiyo. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani. Kati ya 18 aliowapima walioondolewa tezi yote, 16 walikuwa wameathirika. Mwaka 1883 aliyatangaza hayo Berlin, mbele ya madaktari wenzake, na tangu hapo akawa anabakiza sehemu ya tezi. Si wengi wenye jina kubwa ambao wangethubutu.

Mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alianza kutibu upungufu huo kwa dawa iliyotokana na tezi ya kondoo. Thairoksini yenyewe ilipatikana Marekani mwaka 1914.

Siku hizi hali ambayo Kocher aliisoma usoni husomwa katika damu. Homoni ya TSH ikipanda na thairoksini ikashuka, tezi imelegea. Ikiwa kinyume, mara nyingi tezi inazidisha kazi. Kwa anayemeza vidonge, TSH iliyopanda yaweza kumaanisha dozi ni ndogo, au anavimeza pamoja na chakula au vidonge vya kuongeza damu.

Kocher alitunukiwa Nobel mwaka 1909, akiwa daktari wa kwanza wa upasuaji kuipata. Alifariki Bern Julai 27, 1917.