Sol Hoopii

Sol Hoopii (jina kamili: Solomon Hoʻopiʻi Kaʻaiʻai, Honolulu, Hawaii, 1902 – Seattle, Marekani, 16 Novemba 1953) alikuwa mwanamuziki kutoka Hawaii, mmojawapo wa wapigaji maarufu zaidi wa gitaa la Kihawaii katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Anakumbukwa hasa kwa mpangilio wa nyuzi unaoitwa C# maina, uliomwezesha mpigaji kupata kodi nyingi bila kusogeza mkono mbali. Mpangilio huo ulisaidia kufungua njia ya gitaa la pedali linalotumika hadi leo.

Utoto

Hoopii alizaliwa katika familia yenye watoto wengi sana, naye alikuwa kitinda mimba. Alianza kupiga ukulele akiwa mtoto mdogo, kisha akahamia gitaa.

Wakati huo gitaa lilikuwa limeshapata sura mpya visiwani. Mwishoni mwa karne ya 19 kijana Joseph Kekuku, wa kisiwa cha Oahu, alianza kulilaza gitaa magotini na kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Sauti yake ilipanda na kushuka kama ya mtu anayeimba. Hoopii alikulia katika mtindo huo.

Kuzamia meli

Mwaka 1919, akiwa na miaka 17, Hoopii na rafiki zake wawili walizamia meli ya abiria Matsonia iliyokuwa ikienda San Francisco. Inasimuliwa kwamba walipogunduliwa walianza kupiga muziki, na abiria waliofurahi wakachanga nauli yao. Baadaye alihamia Los Angeles, akaunda kundi la watu watatu pamoja na Glenwood Leslie na Lani McIntire.

Kuanzia mwaka 1925 alirekodi santuri nyingi, zikiwemo za kampuni ya Columbia. Hakujifunga kwenye nyimbo za kwao peke yake. Alipiga pia jazi na bluzi, kwa mfano wimbo Farewell Blues, kwa kasi na ufundi uliowashangaza wasikilizaji. Siku hizo alitumia gitaa la National lenye mwili wa chuma na koni tatu za alumini ndani yake za kukuza sauti. Katikati ya miaka ya 1930 alihamia gitaa la umeme. Muziki wake ulisikika pia katika filamu za Hollywood, ikiwemo Waikiki Wedding ya mwaka 1937.

Tatizo la kodi

Ili kuelewa mchango wake, ni lazima kwanza kujua ugumu wa chombo chenyewe. Kodi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Mpigaji wa gitaa la kawaida hutumia vidole vinne, na kila kidole kinaweza kubana uzi wake mahali tofauti. Mpigaji wa gitaa la chuma ana kipande kimoja kilichonyooka. Kikiwa kwenye freti ya 5, nyuzi zote zinazoguswa ziko freti ya 5. Kwa hiyo kodi zinazopatikana zinategemea jinsi nyuzi zilivyopangwa kabla ya kuanza kupiga.

Mpangilio uliozoeleka ulikuwa wa A meja, ambamo nyuzi zote sita zilitoa noti tatu tu: A, C# na E. Nyuzi zikiwa wazi zilitoa kodi ya A. Freti ya 5 ilitoa D, freti ya 7 ilitoa E, na freti ya 12 ilirudi kwenye A ya juu. Kodi hizo tatu zilitosha kwa nyimbo nyingi rahisi, lakini zote ni za meja. Wimbo ulipohitaji kodi ya maina, mpigaji aligusa nyuzi mbili tu, au alikiweka chuma mshazari ili kishike freti mbili tofauti kwa pamoja. Kazi hiyo ilihitaji sikio kali, kwani chuma kikipinda kidogo tu kupita kiasi, sauti inaharibika. Na jazi aliyoipenda Hoopii imejaa kodi za aina hiyo.

Mpangilio wa C# maina

Katikati ya miaka ya 1930 Hoopii alianza kutumia mpangilio mwingine. Kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, noti zake ni B, D, E, G#, C# na E.

Faida yake huonekana nyuzi zikigawanywa katika mafungu mawili. Nyuzi nne nene (B, D, E, G#) hutoa kodi ya E7. Nyuzi nne nyembamba (E, G#, C#, E) hutoa C# maina. Chuma hakijasogezwa, ila mkono wa kulia umechagua nyuzi nyingine.

Chuma kikiwekwa kwenye freti ya 5, mafungu hayo hutoa A7 na F# maina. Kwenye freti ya 7 hutoa B7 na G# maina. Hivyo mahali patatu palipotoa kodi tatu sasa panatoa sita, tatu kati yake za maina, na chuma bado kimenyooka. Wapigaji wengi walifuata mpangilio huo.

Uinjilisti

Mwaka 1938, jina lake likiwa bado juu, Hoopii aliacha muziki wa kumbi za starehe. Alijiunga na huduma ya mwinjilisti Aimee Semple McPherson, mwanzilishi wa kanisa la Foursquare huko Los Angeles, akapiga gitaa katika mikutano ya injili. Hakuacha chombo chake wala kurekodi, bali nyimbo alizopiga zaidi sasa zilikuwa za dini. Aliendelea na utumishi huo hadi alipofariki Seattle mwaka 1953.

Urithi

Mpangilio wa Hoopii ulipanua uwezo wa gitaa la chuma, lakini haukumaliza tatizo. Kila mpangilio hutoa kodi fulani na kunyima nyingine, ndiyo maana wapigaji wengine walitengeneza magitaa yenye shingo mbili au zaidi, kila moja na mpangilio wake.

Suluhisho lingine lilikuwa kubadilisha sauti ya uzi wakati wimbo unaendelea, kwa kukanyaga pedali. Mtindo huo ulienea baada ya Bud Isaacs kuutumia katika wimbo Slowly wa Webb Pierce, uliovuma mwaka 1954. Katika mpangilio wa pedali uitwao E9, ulio maarufu kwa muziki wa kantri, pedali moja hupandisha noti ya B kuwa C#, na kodi ya E meja hugeuka kuwa C# maina. Pedali ya pili ikiongezwa, G# hupanda kuwa A, na kodi inakuwa A meja. Noti ya C# ambayo Hoopii aliifunga kwenye uzi kabla ya kuanza kupiga, mpigaji wa leo huipata kwa mguu.