Sheikh Abdullah Saleh Farsy: Mfasiri wa Kurani na Mhudumu wa Kiswahili

Katika historia ya tafsiri kwa lugha ya Kiswahili, ni nadra kupata kazi iliyogusa maisha ya watu wengi kama tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Aghalabu mwanachuoni huyu hutajwa kwa ukadhi na kwa elimu yake ya dini. Hata hivyo, mchango wake katika lugha unastahili kutazamwa kwa jicho la pekee, kwani alilazimika kuamua ni kwa maneno gani Waswahili wangezungumzia mitume, manabii na vitabu vilivyoteremshwa.

Sheikh Abdullah alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma chuoni na kwa masheikh wakubwa wa kisiwa hicho, na papo hapo akapata elimu ya shule za serikali. Baadaye alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa masomo ya dini mashuleni. Kazi ya ualimu ilimkutanisha na vijana waliokuwa wakiisoma Kurani kwa sauti nzuri, wakaihitimu, ilhali hawakufahamu maana yake. Darsa zake za tafsiri msikitini zilivuta wasikilizaji wengi kwa sababu alieleza kwa Kiswahili cha Kiunguja kilicho chepesi na fasaha.

Hakuwa wa kwanza kuwaza juu ya tafsiri. Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana huko Unguja, alitoa tafsiri nzima mwaka 1923, akiwakusudia hasa walimu na wahubiri wa Kikristo. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza tafsiri yake, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuikamilisha. Mwaka 1953 jumuiya ya Ahmadiyya nayo ilichapisha tafsiri yake mjini Nairobi chini ya usimamizi wa Sheikh Mubarak Ahmad. Hivyo basi, kufikia wakati huo, Mwislamu wa Kisunni aliyetaka kuisoma Kurani nzima kwa Kiswahili hakuwa na tafsiri iliyotoka kwa wanavyuoni wake mwenyewe. Pengo hilo ndilo alilojitwika Sheikh Abdullah kuliziba. Katika miaka ya 1950 sehemu za tafsiri yake zilianza kutoka moja baada ya nyingine.

Uzito wa kazi hiyo unaonekana katika maneno yahusuyo utume. Kurani hutumia maneno mawili, *rasul* na *nabii*, na katika aya ya 54 ya Sura Maryam, Ismaili anapewa sifa zote mbili kwa pamoja. Kiswahili kilikuwa tayari kimepokea nabii kutoka Kiarabu, na kimeunda mtume kutokana na kitenzi tuma. Lakini neno mtume lilikuwa na makazi mawili: katika Biblia ya Kiswahili linawataja wale aliowatuma Yesu, ilhali kwa Waislamu humtaja mjumbe aliyetumwa na Mungu mwenyewe. Msomaji mmoja angeweza kulisoma neno lile lile na kufahamu jambo tofauti kabisa.

Mgogoro mkubwa zaidi ulihusu aya ya 40 ya Sura Al-Ahzab, inayomwita Muhammad *khatam* wa manabii. Neno hilo lina maana ya muhuri. Ahmadiyya hulifahamu kuwa ni muhuri wa ubora, usiozuia kuja kwa nabii aliye chini yake. Sheikh Abdullah, pamoja na umma mkubwa wa Waislamu, alilifahamu kuwa ni muhuri unaofunga, yaani hakuna nabii baada yake. Ndiyo maana maelezo ya chini ya kurasa zake hujibu tafsiri zilizotangulia kwa ukali usiofichika. Kwake yeye, uteuzi wa neno moja ulikuwa suala la imani.

Wako pia waliosita kuipokea kazi hiyo, wakihofia kwamba maneno ya Mungu yangepungua kwa kutiwa katika lugha nyingine. Ikumbukwe kwamba aya ya 4 ya Sura Ibrahim inaeleza kuwa kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Sheikh Abdullah aliyabakisha matini ya Kiarabu kando ya Kiswahili, ili tafsiri isichukue nafasi ya asili.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalimkuta akiwa kadhi Unguja. Mwaka 1967 alihamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu, akimfuata Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Mwaka 1969 tafsiri kamili, *Qurani Takatifu*, ilichapishwa Nairobi na Islamic Foundation. Alipokuwa Kenya aliandika pia juu ya maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kazi ambayo wanahistoria huitegemea hadi leo, na akapinga waziwazi mila alizoziona kuwa bidaa, jambo lililomletea wapinzani miongoni mwa masheikh wenzake. Miaka yake ya mwisho aliishi Oman, na huko ndiko alikofariki mwaka 1982.

Tafsiri nyingine zimefuata, ikiwemo ya Sheikh Ali Muhsin Barwani ya mwaka 1995. Wanaofuata wanaweza kumkosoa Sheikh Abdullah kwa mabano mengi na kwa ukali wa maelezo yake. Hata hivyo, mzee asiyejua Kiarabu, aliyehitimu Kurani utotoni pasi na kuelewa aya moja, aliweza hatimaye kuketi barazani na kusoma visa vya Nuhu, Musa na Isa kwa lugha ya mama yake.