Nargis: Hollywood iliyovaa sari

Mtajie Clark Gable bibi wa Kikwajuni au Michenzani aliyekuwa msichana miaka ya hamsini, huenda asimjue. Mtajie Nargis, uone. Sasa la ajabu ni hili: picha iliyompa Gable Oscar yake na picha mojawapo tamu kabisa ya Nargis ni hadithi moja.

It Happened One Night, ya mwongozaji Frank Capra, ilitoka 1934. Binti wa tajiri anamtoroka baba yake, anapanda basi, anakutana na mwandishi wa gazeti asiye na senti. Wanagombana njia nzima mpaka wanapendana. Usiku wanatundika blanketi katikati ya vitanda viwili ili heshima isivunjike, na ukumbi mzima unakaa kulisubiri blanketi lianguke. Basi picha hiyo ya vichekesho ilizoa Oscar zote tano kubwa, jambo ambalo halikurudiwa kwa miaka 40 na zaidi. Claudette Colbert, staringi wa kike, hakutegemea kushinda. Alikuwa keshafika stesheni asafiri, ikabidi arudishwe mbio akapokee tuzo na nguo zake za safari.

Mwaka 1956 Wahindi wakaichukua, wakaitia nyimbo, wakaiita Chori Chori, yaani kisirisiri. Binti mtoro akawa Nargis, mwandishi akawa Raj Kapoor. Mimi nasema waliitendea haki, na kwa nyimbo walizidi.

Jina lake la kuzaliwa ni Fatima Rashid, tarehe 1 Juni 1929. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji, mtunzi wa muziki na mtengeneza picha, wakati ambapo wanawake wa kazi hiyo walihesabika. Mtoto akaonekana sinemani ana miaka sita hivi. Yeye ndoto yake ilikuwa udaktari, lakini mwaka 1943, akiwa na miaka 14, Mehboob Khan akampa nafasi kubwa katika Taqdeer, na mambo ya skuli yakaishia hapo.

Halafu Raj Kapoor. Walicheza pamoja picha zipatazo 16. Mkao wao katika Barsaat ya 1949, Kapoor kashika fidla mkono mmoja na Nargis mkono wa pili, ndio uliokuwa nembo ya studio ya Kapoor. Fikiria: umbo lako liko mlangoni mwa kampuni, na kampuni si yako. Na mwenyewe Kapoor alikuwa na mke na watoto.

Awara ya 1951 ndiyo iliyowapagawisha watu wa Unguja. Watu wa Ng'ambo walivuka Darajani kwenda Empire, wengine wakafika Sultana ya Malindi au Majestic ya Vuga. Kihindi wengi hawakukijua, ila nyimbo walizishika, na si taarab chache zilizoazima sauti zake kwenye picha za Kihindi. Yalikuwepo na maonyesho ya wanawake pekee, ambayo mtoto wa kike aliruhusiwa kwenda bila maneno mengi nyumbani. Na katika Awara Nargis ni wakili. Anavaa joho, anasimama mahakamani kumtetea mpenzi wake, anamhoji hakimu mzima. Wanawake wamejaa ukumbini na mabuibui yao, mwaka ambao mwanasheria wa kike hapa ungemtafuta kwa taa. Wenzangu mnaosoma sheria, hilo si dogo.

Chori Chori ilitengenezwa na watu wa Madras, nje ya studio ya Kapoor, na ndiyo mara ya mwisho wawili hao kuongoza picha pamoja. Kwenye turubai binti mtoro anampata mwandishi wake. Nje ya turubai Nargis alikuwa keshachoka kungoja, akaondoka.

Akaenda kwa Mehboob Khan kucheza Mother India, 1957, mama wa kijijini anayezeeka mbele ya macho yetu. Siku moja ya kupiga picha moto wa majani makavu ulimzingira. Aliyeingia kumtoa, akaungua yeye, ni Sunil Dutt, kijana aliyekuwa akicheza kama mwanawe. Machi 1958 wakaoana, Muislamu na Mhindu, na yeye akaacha uigizaji karibu kabisa. Mwaka huo huo Mother India iligombea Oscar ya picha za kigeni, ikakosa.

Baadaye alishughulikia watoto wenye ulemavu wa viungo, na 1980 akaingia bungeni. Huko alimshambulia Satyajit Ray ati anawauzia wazungu umasikini wa India. Hapo mimi simuungi mkono. Mother India yenyewe ilionesha nini kama si njaa na deni?

Saratani ya kongosho ilimchukua tarehe 3 Mei 1981, ana miaka 51. Rocky, picha ya kwanza ya mwanawe Sanjay akiwa staringi, ilitoka siku chache baadaye.